Antivirusi ya Uongo: Namna ya Kuing'oa Kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Kwenye nyumba nyingi za Waswahili huku ughaibuni kompyuta ni moja na watumiaji ni watano. Binti mkubwa anaandikia kazi za chuo, mdogo wake anachezea gemu, mama anajazia fomu za halmashauri, baba anatazamia benki na kutuma ada za watoto wa ndugu zake, na mjomba aliyekuja kutembea Jumamosi anatafuta pa kuonea Simba na Yanga bila kulipa. Mara nyingi ni tovuti za namna hiyo, za mpira wa bure, filamu za bure na nyimbo za bure, zinazomwingiza mgeni tunayemzungumzia leo. Unabofya ili mechi ianze, dirisha jingine linaruka, kisha skrini nzima inageuka nyekundu. King'ora kinalia. Sauti ya mwanamke inasema kwa Kiingereza kwamba kompyuta yako imeambukizwa, kwamba namba za kadi yako zinaibwa sasa hivi, usiizime, piga simu namba hii. Juu yake kuna nembo ya Microsoft, au ya McAfee, au ya Norton.

Hiyo ndiyo antivirusi ya uongo. Inajidai daktari kumbe ndiyo ugonjwa wenyewe. Na mara nyingi zaidi si daktari wala si ugonjwa. Ni picha tu iliyobandikwa.

Hapo kwenye picha tutue kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotelea. Ukurasa wa tovuti hauwezi kuikagua diski ya kompyuta yako. Hauna njia ya kuingia ndani na kuhesabu virusi. Ule mstari unaotembea na kuandika "virusi 23 vimepatikana" umetengenezwa mapema, na kila anayefika hapo anaonyeshwa mstari uleule. Miaka ya mwanzo matapeli walikuwa wazembe kiasi kwamba mtu mwenye kompyuta ya Apple alionyeshwa "ukaguzi" wa diski C, kitu kilichomo kwenye Windows na wala si kwenye mashine yake. Siku hizi wamejirekebisha kwenye uchoraji. Uongo ni ule ule.

Biashara hii ina umri na ina ofisi. Mwezi Desemba 2008 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilifungua kesi katika mahakama ya shirikisho ya Maryland dhidi ya kampuni iliyoitwa Innovative Marketing, iliyoandikishwa Belize na kuendesha shughuli zake Kyiv, Ukraine. Bidhaa zake zilikuwa na majina ya kutia moyo: WinFixer, DriveCleaner, ErrorSafe, XP Antivirus. Kwa maelezo ya Tume, watu zaidi ya milioni moja walizinunua. Mwaka 2010 waendesha mashtaka wa Chicago walisema mtandao huo ulikuwa umekusanya zaidi ya dola milioni 100 kutoka nchi zaidi ya 60, kwa programu zilizouzwa kati ya dola 30 na 70. Matangazo yao hawakuyaweka kwenye tovuti za vichochoroni tu. Walijifanya wakala wa makampuni halali, wakanunua nafasi kwenye tovuti za heshima, kisha wakapanga tangazo lijibadilishe likishafika kwa msomaji wa kawaida. Walikuwa pia na kituo cha simu cha kuwatuliza wanaolalamika. Mwaka 2012 mahakama iliamuru mmoja wa viongozi wao alipe zaidi ya dola milioni 163.

Wala usidhani hayo ni ya wahuni wa mbali peke yao. Mwaka 2019 Office Depot, duka kubwa la vifaa vya ofisi Marekani, pamoja na kampuni ya Support.com iliyolipatia programu, walikubali kulipa dola milioni 35 kumaliza madai ya FTC. Mteja alileta kompyuta kupimwa bure. Kabla ya kipimo aliulizwa maswali machache: je, inachelewa, je, inazimika yenyewe. Akijibu ndiyo hata kwa moja, programu ilitoa matokeo kwamba kuna dalili za virusi, hata kama ukaguzi haukuona kitu, na akauziwa matengenezo ya hadi mamia ya dola. Mwaka 2024 zikafuata Restoro na Reimage, kampuni mbili za Cyprus, kwa dola milioni 26. Hao nao waliwatisha watu kwa madirisha yaliyofanana na ya Windows.

Sasa tuingie kazini. Cha kwanza ni kujua mgeni amefika wapi: yuko mlangoni, sebuleni, au ameshapewa ufunguo. Kila pahala pana dawa yake, na wengi wanaifuta kompyuta nzima, picha za harusi na zote, kwa ajili ya kitu ambacho kilikuwa bado kinabisha hodi.

Akiwa mlangoni, yaani ni ukurasa tu umeganda kwenye skrini, usibofye chochote ndani yake, hata alama ya X, kwa sababu hiyo X yaweza kuwa imechorwa na ukiigusa unakubali kitu usichokijua. Usipige ile simu. Shikilia kitufe cha Esc kwa sekunde chache, au bonyeza F11, ili ukurasa uache kujaza skrini. Kisha bonyeza Alt na F4 kwa pamoja kuufunga. Ukigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Chagua jina la kivinjari chako, Chrome au Edge au kingine, halafu bofya End task. Kwenye Mac ni Command, Option na Esc. Likishindikana lote hilo, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta izime. Ule ujumbe wa "usiizime" ni wa mtu anayeogopa uizime.

Utakapofungua kivinjari tena kitakuuliza kama ukirudishie kurasa zilizokuwa wazi. Kataa. Watu wengi hudhani "virusi vimerudi" kumbe wameuita wenyewe ukurasa uleule.

Kuna namna nyingine inayowasumbua sana wazazi. Kompyuta imetulia, hakuna kivinjari mbele, na bado kona ya chini kulia yanachomoza maonyo: usajili wako wa McAfee umekwisha, kompyuta yako iko hatarini. Hii mara nyingi si programu iliyoingia. Siku fulani tovuti iliuliza iruhusiwe kutuma arifa, pengine kwa kudai "bofya Allow kuthibitisha wewe si roboti", na mtu akabofya. Tangu siku hiyo tovuti hiyo ina ruhusa ya kupiga kelele nyumbani kwako. Kuitoa ni kazi ya dakika mbili. Kwenye Chrome bofya vile vinukta vitatu vya juu kulia, ingia Settings, kisha Privacy and security, kisha Site settings, kisha Notifications. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Ondoa kila moja usiyoijua, na hapohapo unaweza kuzima maombi ya namna hiyo moja kwa moja. Edge na Firefox zina orodha ya aina hiyo. Ndani ya Settings andika neno notifications kwenye kisanduku cha kutafutia nayo itakuja. Kwa uzoefu wangu, nusu ya kompyuta "zenye virusi" ninazoletewa zinapona hapa.

Tuseme basi ameshaingia sebuleni: kuna programu kweli, ina jina la kuvutia lenye neno Cleaner au Protector, inajifungua kila ukiwasha mashine, inadai malipo, na pengine inazuia programu nyingine zisifunguke. Kata Wi-Fi kwanza. Fungua Settings, nenda Apps, kisha Installed apps, na upange orodha kwa tarehe. Mhalifu kwa kawaida yuko juu, pamoja na wenzake wawili watatu walioingia siku ileile, labda wakati mtoto alipopakua njia ya mkato ya gemu. Ondoa wote wa siku hiyo usiowajua.

Akikataa kutoka, mfuate akiwa usingizini. Bofya Start, kisha alama ya kuzimia, na huku umeshikilia Shift bofya Restart. Kompyuta itawaka kwenye skrini ya buluu yenye machaguo: chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart. Ikitokea orodha yenye namba, bonyeza 4. Windows itawaka katika hali ya usalama, ikiwa na vitu vya lazima tu, na programu nyingi za uongo hazipati nafasi ya kujiwasha. Rudi kwenye orodha ile ya programu uzing'oe.

Baada ya hapo washa kama kawaida na umwite mlinzi wa kweli, ambaye tayari umenaye bila malipo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kila Windows inakuja na Microsoft Defender ndani yake. Hifadhi kazi zako, fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, bofya Scan options, na uchague ukaguzi wa mwisho kabisa, ule wenye maneno offline scan. Kompyuta itajizima na kukaguliwa kabla Windows yenyewe haijaamka, kwa muda wa kama dakika 15. Vitu vinavyojificha Windows ikiwa macho huonekana hapo. Ukitaka macho ya pili, Malwarebytes wana toleo la bure linalotosha kwa ukaguzi. Lakini andika anwani yao mwenyewe, usibofye matangazo yanayotokea juu ya matokeo ya utafutaji, maana matapeli hununua nafasi hizo kwa majina ya watu wengine. Malizia kwa kuondoa viongezi usivyovijua ndani ya kivinjari, na tazama Settings, Network & internet, Proxy: kama kuna anwani imewekwa hapo na hakuna mtu wa kazini au chuoni aliyeiweka, izime.

Kama mafaili yameonekana kutoweka, usilie kabla ya wakati. Mwaka 2011 ilisambaa aina iliyojifanya mtengeneza diski, ikificha mafaili yote ili skrini ionekane tupu na mwenye nyumba alipe kwa hofu. Yalikuwa pale pale, yamefichwa tu. Wenye Mac nao walipata yao mwaka huohuo, Mac Defender, mpaka Apple ikabidi itoe sasisho la kuiondoa.

Neno dogo kwa wale wanaochanganya. Laptopu nyingi mpya zinauzwa na McAfee au Norton ya kweli ya majaribio, na muda ukiisha inakuganda kama mdai wa kweli. Hiyo si ya uongo. Hata hivyo hulazimiki kulipa: ukiiondoa, Defender anachukua zamu mwenyewe.

Sasa lile zito, pale alipopewa ufunguo. Mtu alipiga namba iliyokuwa kwenye skrini, akajibiwa na kijana mpole, "Mimi ni fundi wa Microsoft", akaelekezwa aweke AnyDesk au TeamViewer, na yule mgeni akaishika kompyuta kwa mkono wake kutoka huko aliko. Programu hizo zenyewe ni halali. Aliyeko upande wa pili ndiye si halali. Kawaida humfungulia mwenyeji Event Viewer, daftari ambamo Windows huandika kila kitu, na kumwonyesha alama nyekundu na za njano. Kila kompyuta nzima duniani ina alama hizo. Kisha anauza "ulinzi wa miaka mitano". Miezi kadhaa baadaye anarudi na mchezo wa pili: kampuni imefungwa, tunakurudishia pesa zako, fungua benki. Anaibadilisha picha ya ukurasa wa benki ionekane umepewa 3,000 badala ya 300, analia kwamba atafukuzwa kazi, na anakuomba umrudishie tofauti kwa kadi za zawadi za dukani. Salio halisi halikuongezeka hata senti. Microsoft wanasema wazi kwamba maonyo yao ya kweli hayana namba ya simu.

Ikiwa imefika hapo, kompyuta ni ya pili. La kwanza ni benki, siku hiyohiyo, kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Uingereza unaweza kupiga 159 ukaunganishwa na benki yako. Benki nyingi kubwa zimo. Waambie maneno mawili yote: nimelipa, na mtu aliingia kwenye kompyuta yangu. Omba kadi ifungwe na malipo yapingwe. Kisha kwa simu au kompyuta nyingine badilisha nywila, ukianza na ya barua pepe, kwa sababu aliye na barua pepe anaweza kuzibadilisha zote zilizobaki. Marekani unaripoti ReportFraud.ftc.gov, na kwa kuwa wengi wetu tunaweka nakala za pasipoti na vibali kwenye kompyuta, funga pia rekodi zako za mikopo kwa Equifax, Experian na TransUnion, ni bure. Kanada kuna Canadian Anti-Fraud Centre. Kuripoti si kupoteza muda: katika kesi ya Restoro na Reimage, Tume ilituma zaidi ya dola milioni 25 kwa wateja walioumizwa. Kompyuta yenyewe, ikiwa mgeni aliishika kwa muda mrefu, hapa ndipo ninapokubali ifutwe: hifadhi picha na nyaraka kwenye diski ya nje, kisha Settings, System, Recovery, Reset this PC, na uchague kuondoa kila kitu.

Nimeeleza vitufe kwa kirefu, lakini kinachochelewesha tiba katika nyumba zetu mara nyingi si vitufe. Niliwahi kuletewa laptopu ya mama mmoja wa makamo iliyokuwa imekaa kabatini wiki tatu, imezungushiwa khanga. Ujumbe uliotokea haukumtaja kirusi. Ulisema kompyuta imefungwa na polisi kwa kutembelea kurasa haramu na faini ilipwe ndani ya saa 48. Yule mama alikuwa anasubiri karatasi zake za ukaazi. Hakumwambia mwanawe, hakumwambia jirani. Alikuwa akingoja kugongewa mlango. Mashine ilipona kwa dakika kumi, ulikuwa ukurasa wa kivinjari tu.

Tapeli aliyeandika ujumbe ule hakumlenga mhamiaji. Lakini mtu ambaye maisha yake yanategemea barua kutoka wizarani anausoma kwa macho tofauti na mzaliwa. Kwa hiyo waambieni wazee hili kabla halijatokea, kwa Kiswahili, mkiwa mmekaa: polisi hawatozi faini kupitia dirisha la kompyuta, idara ya uhamiaji haipokei kadi za zawadi, na hakuna anayepoteza karatasi kwa sababu skrini iligeuka nyekundu.

Na vijana, ninyi mlio wakalimani na mafundi wa nyumba, mnajua mzazi anavyoanza: "Mwanangu, hii kitu imekuwa nzito siku hizi." Hiyo ndiyo ripoti yote mtakayopewa. Ukijibu kwa kucheka au kwa "lakini nilikwambia", mara ya pili hutaambiwa, na mara ya pili ndiyo huwa na kadi ya benki ndani yake. "Tuiangalie pamoja, mama" inatosha. Kisha uliza taratibu kama kuna mtu alipigiwa simu, na kama kuna namba zilitajwa.

Baada ya kusafisha, ninapendekeza kila nyumba igawe akaunti. Anayejua mashine awe na akaunti ya msimamizi yenye nywila yake. Watoto, wageni na hata yeye mwenyewe kwa kazi za kila siku watumie akaunti za kawaida. Programu nyingi zikitaka kujisakinisha zitakwama kwenye nywila hiyo. Ni usumbufu kidogo, na baba atalalamika.

Mwisho, kuna onyo moja linalofanana na utapeli na laweza kuwa la kweli: kwamba Windows yako imepitwa na wakati. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Usiamini dirisha linalokuambia hivyo likiwa na kitufe cha kulipia. Fungua Settings mwenyewe, ingia Windows Update, na usome hapo kama mashine yako inaweza kupokea Windows 11 au kujiunga na masasisho ya ziada ya usalama.